Jumla inarudi sifuri

SWALI: Shikamoo mwalimu. Skripti yangu ya Bash inajumlisha mauzo ya duka, kila mstari wa faili una kiasi kimoja:

```
jumla=0
cat mauzo.txt | while read kiasi; do
  jumla=$((jumla + kiasi))
done
echo $jumla
```

Nikiichapisha ndani ya kitanzi naiona inapanda mpaka 184500. Nje inaandika 0. Je, nikiiweka hesabu kwenye funksheni itapona?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hesabu yako ni sahihi. Tatizo ni ile paipu. Bash ikikuta alama ya |, kila upande huuendesha kwenye mchakato wake, sheli mtoto (sheli ni programu inayosoma na kuendesha amri, kama Bash yenyewe). Mtoto huzaliwa na nakala ya vigeu vya mzazi. Huyu wako alianza na 0, akafika 184500, kitanzi kilipoisha akafa na nakala yake. Jumla ya mzazi haikuguswa kabisa.

Jambo hili liliwahi kuniumiza. Skripti yangu ya kuhifadhi data usiku ilihesabu makosa ndani ya kitanzi cha namna hiyohiyo, na kila asubuhi ikaniandikia makosa 0. Siku tulipozihitaji zile data, hazikuwepo. Ndiyo maana nikiona `| while` kwenye kazi ya mwanafunzi, nasimama hapo kwanza.

Ondoa `cat`, faili liingie kwa mshale mwishoni mwa kitanzi:

```
done < mauzo.txt
```

Kitanzi sasa kinaendeshwa na sheli ileile, na 184500 itabaki. Data ikitoka kwenye amri nyingine, andika `done < <(amri)`, na usisahau nafasi kati ya mishale miwili. Tangu Bash 4.2 ipo pia `shopt -s lastpipe`, inayofanya sehemu ya mwisho ya paipu iendeshwe na sheli ileile, ila ukiijaribu kwa kuandika moja kwa moja kwenye terminali haitafanya kazi. Iweke ndani ya skripti. Rafiki akikuambia kwake paipu haina shida, huenda anatumia zsh, sheli nyingine ambayo sehemu ya mwisho ya paipu huiendesha yenyewe.

Funksheni haitaiponya. Ukiiita kawaida haizai mtoto, lakini paipu iliyo ndani yake itazaa vilevile. Tena kigeu cha funksheni huonekana skripti nzima usipokitangaza kwa `local`. Kitangaze, ila usiandike `local x=$(amri)` kwa mstari mmoja: amri ikishindwa, `$?` (namba ya matokeo ya amri iliyotangulia, 0 ikiwa imefaulu) itakuonyesha 0 ya `local`. Andika `local x`, kisha mstari wa pili `x=$(amri)`.