Maswali yenu: chura, nguruwe na wazee wawili wa roshani

Nilipoandika juu ya kurudia kutazama vichekesho vya zamani vya runinga, nilidhani wataniandikia wazee wenzangu watatu hivi. Kumbe vijana ndio wamejaa, na wengi wamekuja na ubishi. Nimejibu niliyoyaweza. Wale walionitaka niseme nani mkali kati ya Waingereza na Wamarekani wanisamehe, ugomvi huo siuingii.

Shikamoo. Nilizaliwa miaka mingi baada ya The Muppet Show kwisha. Naambiwa ina sehemu 120. Nianzie wapi? Au vile vipande vifupi vinavyozunguka mitandaoni vinatosha?

Marahaba. Vipande viache kwanza. Ni vitamu, lakini vinakunyima nusu ya utani. Kipindi chenyewe ni cha vikaragosi, na kinahusu ukumbi wa burudani unaoendeshwa na chura, Kermit, na kila onyesho linamwendea mrama. Dubu Fozzie anaogopa kupanda jukwaani. Miss Piggy anataka nafasi ya mwingine. Scooter, kijana wa kutumwatumwa, hafukuziki kwa sababu mjomba wake ndiye mwenye jengo. Kinachofika jukwaani ni mabaki ya balaa lililotokea nyuma ya pazia. Ukikatiwa wimbo ukautazama peke yake, unapata wimbo mzuri. Ukitazama sehemu nzima, unaelewa kwa nini Kermit kaukunja uso mpaka mdomo umemezwa.

Usianze na ya kwanza kabisa. Msimu wa 1976 walikuwa bado wanapapasa. Miss Piggy mwenyewe alikuwa nguruwe wa kujazia kwaya, leo anachezeshwa na Frank Oz, kesho na Richard Hunt. Anza msimu wa pili au wa tatu, halafu urudi nyuma ukishawazoea.

Ila sehemu ya Rita Moreno, mwigizaji na mwimbaji aliyealikwa kama mgeni, usiiruke, ingawa ni ya msimu huo wa kwanza. Anaimba "Fever", wimbo wa taratibu, wa kunong'ona. Nyuma yake ameketi Animal, mpiga ngoma mwenye nywele za moto, ambaye taratibu haijui. Kila Moreno akishusha sauti, Animal anapasua kishindo. Moreno anageuka, anamtazama, anaendelea. Anapasua tena. Anamkaripia kwa Kihispania, wapi. Mwishoni mama anachukua matoazi mawili, anakibana kichwa cha Animal katikati, twaa! Animal anayumba, anatamka kwamba huyo ndiye mwanamke wa aina yake, kisha anaanguka. Moreno alipata tuzo ya Emmy kwa sehemu hiyo mwaka 1977, na kwa kuwa Oscar, Grammy na Tony alikuwa nazo tayari, akatimiza tuzo zote nne kubwa za burudani ya Marekani.

Baada ya hapo tafuta ya Steve Martin, ambayo Kermit ameahirisha onyesho ili kufanya usaili wa wasanii wapya, na ya Harry Belafonte.

Kile kicheko cha watazamaji kinaniudhi. Ni watu kweli wanaocheka?

Kwenye The Muppet Show, hapana. Ilirekodiwa vipande vipande katika studio za Elstree, nje kidogo ya London, na watazamaji unaowaona ukumbini ni vikaragosi vilevile. Kicheko kilibandikwa baadaye.

Tofautisha na I Love Lucy (1951–1957). Pale walioketi ni watu wa kweli na kamera tatu za filamu zinapiga kwa pamoja, kwa hiyo ukisikia mtu kacheka peke yake kwa kuchelewa, huyo ni mtu kachelewa kuelewa. Baadaye Charles Douglass, mhandisi wa sauti, akaunda mashine ya vicheko: unabonyeza kitufe, wanacheka mabwana, unabonyeza kingine, anacheka mama mmoja wa pembeni. Vipindi vingi vya Marekani vikaitegemea mno. Watengenezaji wa M*A*S*H, kichekesho cha madaktari wa jeshi vitani, hawakuitaka kabisa. Walichokipata ni suluhu: kicheko kiwepo, lakini kisiingie katika chumba cha upasuaji. BBC walipoirusha Uingereza walikiondoa chote, na DVD zake zina sehemu ya kukizima. Kizime. Utaona kipindi kingine kabisa, kizito zaidi, na Hawkeye, yule daktari mkuu wa kipindi, atakuonekania mtu anayetania ili asilie.

Kwenye Muppets mimi nakiacha. Ukumbi usio na watu hauna wa kumzomea Fozzie, na Fozzie asiyezomewa ni dubu tu mwenye kofia.

Mwanangu wa miaka saba ameniuliza nani yumo ndani ya Kermit. Nimwambie, au nitamharibia uhondo?

Mwambie, mama. Mwambie yote. Nimeona watu wazima wakificha jambo hili kama siri ya mganga, na watoto ndio wanaolipenda kuliko wote.

Hakuna aliye ndani. Kuna mkono. Jim Henson alimtengeneza Kermit wa kwanza mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, na macho yakawa mpira wa ping-pong uliokatwa vipande viwili. Hakuwa hata chura wakati huo. Alikuwa kiumbe fulani tu katika kipindi kifupi cha kituo kimoja cha Washington. Vikaragosi vingi vya zamani vilikuwa na vichwa vya mbao, uso mmoja maisha yote. Kitambaa laini kilimpa Henson kitu ambacho mbao haitoi: ukikunja ngumi, uso unakunjamana, ukinyoosha vidole, chura anashangaa. Kermit hana nyusi wala kope zinazocheza. Hasira, aibu na uchovu wake wote ni vifundo vya vidole vya mtu mmoja.

Jambo la pili ndilo linalonivutia zaidi. Henson alilitupa lile sanduku la kuchezea vikaragosi lenye pazia mbele. Aliona kwamba fremu ya kamera yenyewe ni jukwaa, basi kilicho chini ya fremu hakipo. Elstree waliinua sakafu ya seti ili wachezaji wasimame wima chini yake, mikono juu ya vichwa, saa nzima. Hawamtazami kikaragosi. Wanatazama monita iliyo chini, wanaona kile mtazamaji anachokiona nyumbani. Na monita haigeuzi picha kama kioo. Ukisogea kulia, chura anaonekana kwenda kushoto kwako. Mgeni anayejifunza hupotea hapo siku nyingi.

Mwonyeshe pia mkono gani unafanya kazi. Mchezaji huweka mkono wake wa kulia kichwani, maana kinywa ndicho kinachotaka ufundi, na wa kushoto unaongoza kijiti cha mkono wa kikaragosi. Ndiyo maana karibu wote wanatumia mkono wa kushoto.

Kisha mfungulie Mpishi wa Kiswidi. Kichwa na sauti ni Henson. Mikono, ambayo ni mikono halisi ya binadamu, ni ya Frank Oz, aliyejibana nyuma yake. Oz alipenda kumchokoza mwenzake: mikono inaokota kitu ambacho hakikupangwa, au inarusha kitu, na kichwa kinalazimika kutafuta la kusema. Angalia zile sekunde ambazo Mpishi anaitazama mikono yake kama si yake. Hazikuandikwa popote.

Ukimaliza mpe soksi na simu. Kamera ya mbele hugeuza picha kama kioo, hiyo itampa urahisi wa bure. Tumia ya nyuma.

Mume wangu anasema hivi ni vipindi vya watoto na mtu mzima ana mengine ya kufanya. Nimjibu nini?

Mjibu kwamba Henson alipigana na neno hilo miaka mingi. Sesame Street, kipindi cha watoto chenye vikaragosi vyake, ilianza mwaka 1969, ikapendwa mno, na tangu hapo kila aliyemwona akaona mtu wa watoto. Alitengeneza majaribio mawili kwa ajili ya wakubwa, na la pili, la mwaka 1975, akalipachika jina la ngono na vurugu, The Muppet Show: Sex and Violence, ili asieleweke vibaya. Mitandao mikubwa ya runinga ya Marekani ikamkataa vilevile. Aliyemkubali ni Lew Grade, bwana mkubwa wa runinga wa Uingereza, na hivyo kipindi cha Wamarekani kikatengenezwa Elstree kuanzia 1976 hadi 1981. Rudolf Nureyev, mmoja wa wacheza baleti wakubwa wa karne ile, alikuja akacheza na nguruwe mwenye kimo cha mtu. Akiendelea kubisha, shemeji yetu huyo, mwache atazame Nureyev na yule nguruwe, kisha aseme tena ni mambo ya watoto.

Nakumbuka wimbo fulani, lakini nilipotafuta sehemu hiyo sikuukuta. Nimechanganyikiwa?

Huenda kumbukumbu yako ni nzima. Kuna sababu mbili. Kwanza, runinga za Marekani zilitumia muda mrefu zaidi kwa matangazo ya biashara, kwa hiyo toleo la Uingereza lilikuwa na dakika kama mbili za ziada, aghalabu wimbo mmoja, ambazo Wamarekani hawakuziona. Pili, haki za nyimbo. Ruhusa ya kuimba wimbo runingani miaka ya 1970 haikuwa ruhusa ya kuuuza kwenye DVD wala kuusambaza mtandaoni. Disney walinunua Muppets mwaka 2004, wakatoa misimu mitatu kwenye DVD, na kila palipokosekana makubaliano wimbo ukakatwa. Februari 2021 misimu yote mitano iliingia Disney+, ikiwa na mapengo yake.

Kuna aliyeniuliza pia kuhusu ule ujumbe wa tahadhari unaotangulia baadhi ya sehemu, kwamba kuna namna za kuwaonyesha watu wa mataifa mengine ambazo hazikuwa sawa. Mimi sioni ubaya wake. Bora uniambie kisha uniache nitazame kuliko unikatie kimyakimya.

Tunatazama kikundi, kisha tunabishana hadi usiku. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba Kermit alikufa mwaka 1990. Tuamulie.

Aliyekufa ni Henson, tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53. Steve Whitmire akamshika Kermit zaidi ya miaka ishirini na mitano, na tangu 2017 yuko Matt Vogel. Fozzie na Miss Piggy walitoka kwa Frank Oz wakaenda kwa Eric Jacobson.

Mwenzenu ana hoja, ila ameielekeza pasipo. Sauti huigwa. Kilichokufa ni ule ushirika wa watu wawili. Hesabuni: Kermit na Fozzie, Henson na Oz. Kermit na Miss Piggy, walewale. Ernie na Bert wa Sesame Street, walewale. Kichwa cha Mpishi na mikono yake, walewale tena! Nusu ya vichekesho mnavyovipenda ni mabwana wawili waliozoeana kiasi kwamba mmoja alijua mwenzake atavuta pumzi lini.

Kikao kijacho tazameni kile kichekesho cha msimu wa kwanza ambamo Fozzie anamfundisha Kermit utani. Kermit akisikia neno fulani, aje mbio apaze sauti kwamba mchekeshaji ni dubu. Rahisi. Lakini kila Fozzie akijaribu kueleza, neno lenyewe linamponyoka, na Kermit huyo, kaingia mbio. Fozzie anamrudisha, anaeleza upya, linamponyoka tena. Msisikilize sauti. Pimeni ile nafasi kati ya neno na Kermit kuingia. Halafu wekeni kichekesho chochote cha wawili hao cha miaka ya karibuni na mpime tena. Hapo ubishi wenu utakuwa na kitu cha kushika.

Kwa nini baadhi ya vichekesho vya Kiingereza vya miaka ya 1960 havipatikani popote, hata kwa pesa?

Vilifutwa. Kanda za video zilikuwa ghali, kurudia vipindi kulibanwa na mikataba ya waigizaji, na hakuna aliyedhani mtu angetaka kununua kichekesho cha juzi akae nacho nyumbani. BBC walifuta na kurekodi juu yake. Dad's Army (1968–1977) ina sehemu 80, na tatu hadi leo hazijulikani zilipo. Moja kati ya hizo sauti yake ilipatikana, ikachorewa katuni mwaka 2016. Ukiona kichekesho cha wakati ule kimebaki chenye mikwaruzo na rangi imepotea, usilalamike sana.

Fawlty Towers, kile kichekesho cha Kiingereza cha hotelini, ni sehemu 12 tu kweli?

Kweli. Sita mwaka 1975, sita 1979. Basi.

Wale wazee wawili wa roshani wanaotukana kila kitu wanaitwa nani, na kwa nini hawaondoki?

Statler na Waldorf, majina ya hoteli za New York. Statler alichezeshwa na Richard Hunt, Waldorf na Henson mwenyewe, maana yake mwenye kipindi ndiye aliyekaa roshani akikiponda. Mke wa Waldorf alionekana mara moja, anaitwa Astoria, na amefanana na Statler kupita kiasi. Hawaondoki kwa sababu wanapenda. Mtu asiyependa kipindi hakumbuki makosa yake ya msimu uliopita.

Swali dogo: tarumbeta ya kikaragosi Gonzo mwanzoni mwa The Muppet Show mbona kila mara inatoa kitu tofauti?

Ndivyo ilivyopangwa. Msimu wa kwanza alikuwa anapiga ile herufi O kubwa ya jina la kipindi kama upatu, na kila mara inamgeukia. Kuanzia wa pili akapewa tarumbeta, ikawa inalipuka, inatoa moshi, inatoa maji. Kwa hiyo usiruke wimbo wa ufunguzi, hata kama umeshaukariri.