Barua kwa Mwanangu: Maji Moto ya Mpemba

Mwanangu Neema,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Tanga hatujambo. Umeandika kwamba kazini kwenu yamezuka mabishano wakati wa chai: mmoja alisema maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi, na kwamba jambo hilo limepewa jina la Mtanzania katika vitabu vya fizikia duniani, mwenzake akamcheka, akasema huo ni uzushi uliokwisha kukanushwa na Waingereza. Unaniuliza nani mkweli, kwa kuwa nilifundisha somo hilo kwa miaka mingi. Jibu langu ni kwamba habari ya Mtanzania huyo ni ya kweli kabisa, ila habari ya maji yenyewe bado ina mabishano, na wenzako wamegombana kwa sababu wamezichanganya habari hizo mbili.

Nianze na Mtanzania huyo, Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto, ambako wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yawekwe kwenye friji, ambayo nafasi yake haikuwatosha wote. Siku moja Mpemba aliona mwenzake anaharakisha kuweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Naye, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu walirudi kutazama, wakakuta ya Mpemba yameganda ilhali ya mwenzake bado ni uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia sababu yake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Kuna kipande kimoja ambacho watu hukiruka wanapoisimulia habari hii, nami nakipenda kuliko vyote. Mpemba alikuwa na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu hapa hapa mjini Tanga, na rafiki huyo alimweleza kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, ili ugande upesi. Kwa hiyo wauza aiskrimu walikuwa wakiitumia siri hiyo kujipatia riziki wakati darasani inaitwa kichekesho. Hata alipofika Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano, na kuliuliza swali lake tena walipokuwa wakisoma kanuni ya Newton ya kupoa (kwamba kitu hupoa upesi zaidi kadiri kinavyozidi joto la mazingira yake), mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo kila alipokosea hesabu darasa zima lilimtania kwa maneno hayo.

Mambo yaligeuka pale Dk. Denis Osborne alipokwenda shuleni hapo kutoa mhadhara, akitokea chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mpemba akasimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi wenzake waliangua kicheko. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alimletea taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia, ila angeendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala yao pamoja, na wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, Moshi, kazi ambayo ndiyo iliyokuwa ya maisha yake. Mwaka huo huo George Kell wa Kanada naye alichapisha makala juu ya jambo hilo hilo, bila kujua habari za Magamba.

Wala hawakuwa wa kwanza kulitaja. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba watu wa Ponto, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, walipovua samaki kwenye barafu, walimwagia mianzi yao maji ya moto ili igande na kushika upesi. Wanafalsafa Francis Bacon na Descartes, wa karne nyingi baadaye, pia waligusia jambo hilo.

Sasa kuhusu Waingereza wa huyo mwenzako. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda ambao maji huchukua kushuka hadi nyuzi 0, wakahitimisha kwamba hawaoni ushahidi wa maana wa jambo hilo, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimeta moja tu kunatosha kukupa jibu la uongo. Kazi yao naiheshimu. Hata hivyo, zingatia walichopima: kufika nyuzi 0 si sawa na kuganda, kwa kuwa maji yaliyotulia yanaweza kushuka chini ya 0 yakabaki maji. Yapo pia mambo mengine yanayoweza kuyasaidia maji ya moto: sehemu yake hupotea kwa mvuke, hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka, na chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu kilipokalia, kikagusana vizuri na ubaridi wa chuma. Osborne aliliwaza hilo la mwisho, ndiyo maana aliviweka vyombo vyake juu ya lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliitisha shindano la maelezo bora ya jambo hili, likapokea majibu zaidi ya 22,000, na bado wataalamu hawajakubaliana.

Kama mnataka kujaribu huko kwenu, tumieni vikombe viwili vya aina moja, mpime maji kwa uzani na si kwa macho, muvipange mahali penye ubaridi sawa, na kabla ya kuanza mkubaliane neno moja: ushindi ni utando wa kwanza wa barafu au ni kikombe kizima kuwa kigumu. Rudieni mara nyingi, mkibadilishana nafasi za vikombe, kisha niandikie mlichokiona, hata kama majibu yatapingana.

Baba yako