Sampuli za Mwamba Bandia: Kabla Hujasema Ukubwa Ndio Umepunguza Nguvu

Silinda kubwa ya mwamba bandia, yaani jasi au saruji iliyogandishwa ili kuiga mwamba, kwa kawaida huvunjika kwa mkazo (mzigo ukigawanywa kwa eneo) mdogo kuliko silinda ndogo ya mchanganyiko uleule, kwa kuwa ndani yake ni rahisi zaidi kukuta ufa au kiputo kibaya cha hewa. Kwa miamba ya asili, mlinganyo wa Hoek na Brown (1980) hukadiria kwamba sampuli ya kipenyo cha mm 100 ina takriban asilimia 88 ya nguvu ya ile ya mm 50. Ya mm 200, asilimia 78. Tofauti ni ndogo, na uzembe kidogo tu huimeza. Kwa jasi au saruji, mlinganyo huo uwe wa kulinganishia tu.

Jasi ndiyo inayowaponza wengi. Unga wake huhitaji maji kama asilimia 18.6 ya uzito wake ili ugande, lakini tunatia 60 au 70 ili umiminike. Yanayobaki lazima yakauke. Silinda ndogo hukauka upesi, kubwa hubaki na unyevu katikati, na jasi mbichi inaweza kupoteza nusu ya nguvu yake. Hapo umepima maji, hukupima ukubwa. Kausha kwa nyuzi 40 za Selsiasi, ukipima uzito kila siku hadi usibadilike tena. Usiongeze moto kwa haraka zako: jasi ikikaa juu ya nyuzi 45 huanza kupoteza hata maji yaliyo ndani ya fuwele zake. Za saruji ni rahisi zaidi: zote zikae kwenye maji siku 28.

Mimina saizi zote kutoka mchanganyiko mmoja. Urefu uwe mara mbili ya kipenyo kwa kila saizi. Silinda fupi hushikwa na msuguano wa mabamba ya mashine ya kuvunjia ikaonekana imara kuliko ilivyo. Punje kubwa ya mchanga isizidi sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha sampuli ndogo kabisa, kwa hiyo ukiwa na silinda ya mm 25, chekecha kwa mm 2.

Kwenye mashine, linganisha kasi ya mkazo, si ya mzigo. Megapaskali 0.5 kwa sekunde ni mzigo wa takriban kilonewtoni (kN) 1 kwa sekunde kwa mm 50, lakini karibu kN 4 kwa mm 100. Vunja angalau tano kwa kila saizi, upige picha kila moja. Iliyomeguka pembeni tu, ncha zake hazikusagwa sawasawa. Itoe kwenye wastani, lakini iandike.