Nimefika vidonge viwili vya Valium na bado nakesha: niongeze?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, nina miaka 34. Tangu mwaka jana mawazo yamenizidi. Floti, pesa ninayozungushia kazi, ilikatika, nikachukua mkopo wa kausha damu, na marejesho ni kila wiki. Nalala saa nne, ikifika saa nane usiku niko macho makavu, moyo unadunda. Rafiki alinipa Valium, dawa ya kutuliza, baadaye nikawa najinunulia duka la dawa. Nilianza na nusu kidonge, sasa ni mwezi wa tatu na nameza viwili vya miligramu 5 kila usiku. Niliwahi kuacha siku nne. Usiku wa nne sikupata hata lepe, nikatetemeka, nikajua ugonjwa wangu ni mkubwa. Je, niongeze, au nihamie dawa ya asili ya kuondoa stresi inayouzwa mtandaoni? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze. Na usiache ghafla tena kama ulivyofanya.

Kilichokukesha usiku ule wa nne ni dawa ikitoka mwilini. Diazepam, hiyo mnayoiita Valium, hutoka kwa kuburuza miguu: kiasi kilichomo damuni huchukua takriban saa 20 hadi 50 kupungua nusu, na mabaki yake yanayoendelea kufanya kazi hukaa zaidi ya hapo. Ndiyo maana siku za mwanzo hukuona tofauti kubwa. Akiba ilipopungua, ubongo uliozoea kutulizwa kila usiku ukabaki bila breki. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kukesha kuliko mwanzo ni dalili za kuikosa dawa, na mtu akizisoma kama ugonjwa uliozidi, anarudi dukani kununua zaidi. Kosa hili ndilo linalowafunga watu miaka. Na yule muuzaji anayekukatia vidonge kwa mkasi, bila cheti cha daktari, bila kuuliza umeanza lini, anapaswa kujua kwamba dawa hii hutolewa kwa muda mfupi, wiki mbili hadi nne.

Kuiacha hufanywa kwa ngazi, chini ya daktari. Nenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, useme kiwango chako cha kweli. Wengi hupunguza kwa aibu, kisha mpango unapangwa juu ya namba ya uongo. Kwa kawaida hupunguzwa moja ya kumi hadi robo ya dozi kila wiki mbili, na ngazi za mwisho huwa ndogo zaidi. Kuikata mara moja baada ya miezi mitatu kunaweza kuleta degedege, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa.

Wakati huohuo, rekebisha usiku wenyewe. Unaingia kitandani mapema mno. Kwa wiki mbili lala saa tano na nusu, amka saa kumi na moja na nusu, Jumapili pia, na mchana usisinzie. Ukishtuka saa nane na usingizi ukakataa kwa kama dakika 20, toka kitandani, kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu mpaka kope zilemee. Simu ya kazi ilale sebuleni. Ujumbe wa deni ukiusoma saa nane usiku, huna utakalofanya nao.

Moyo ukidunda, vuta hewa puani kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6, dakika 5, mkono tumboni. Watu huharibu hapa: wanavuta hewa nyingi mpaka mabega yanapanda, midomo inaanza kuchonyota, kichwa kinazunguka, wanadhani presha imepanda. Ni kabonidioksidi iliyotoka kupita kiasi. Vuta hewa kidogo tu, usivute kwa nguvu. Na uanze kujizoeza mchana. Usingoje usiku wa taharuki.

Lakini kupumua hakulipi deni. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuwasaidia waliolemewa na mawazo, uitwao Problem Management Plus, uliojaribiwa kwa wanawake wa Nairobi, una vikao vitano. Kupumua polepole hufundishwa mwanzoni, kisha watu wanageukia tatizo lenyewe. Fanya hivyo. Saa kumi na moja jioni, dakika 15, daftari lenye safu tatu: deni, tarehe, hatua ya kesho. “Kutafuta hela” si hatua. “Saa tatu asubuhi nimpigie mkopeshaji, niombe marejesho ya Ijumaa yagawanywe mara mbili” ni hatua. Wazo likija usiku, tayari lina mahali pake kwenye daftari.

Sasa hiyo dawa ya asili. Poda ya kopo lisilo na orodha ya viambato wala kipimo, juu yake diazepam: nani atajua kipi kimefanya nini? Anayeiuza kwenye stetasi hatakuwepo ukianguka. Na si dawa hiyo tu. Wapo wanaolalia Piriton, dawa ya mzio, ambayo mwili huzoea usingizi wake ndani ya siku chache na kuwaachia kichwa kizito asubuhi. Wapo wa bia mbili za kulalia, ambazo huleta usingizi na kuuvunja nusu ya pili ya usiku, yaani ileile saa nane. Anayechanganya pombe au tramado, dawa kali ya maumivu, na diazepam anahatarisha pumzi yake akiwa usingizini. Wengine huazima kwa jirani kidonge cha presha, propranolo, ili moyo usidunde. Mwenye pumu akikimeza, njia za hewa zinaweza kubana, na pampu yake ya kawaida isimfae kama alivyozoea.