Santiago Atitlán kwa siku moja: mwenye ratiba ni upepo

Msomaji ameniandikia akiuliza kama siku moja inatosha kuiona Santiago Atitlán, mji wa kando ya Ziwa Atitlán nchini Guatemala, ukitokea Panajachel, mji wa ng'ambo ya ziwa hilo. Inatosha, tena vizuri, mradi uwahi kuondoka. Wanaorudi wakisema mji hauna kitu ni wale waliofika saa sita mchana, wakapiga picha tatu, wakakimbilia boti.

Ziwa Atitlán liko nyanda za juu za Guatemala, mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde lililoachwa na mlipuko wa volkano wa kale. Asubuhi maji yametulia. Kuanzia kama adhuhuri, hewa ya joto inayopanda kutoka pwani ya Pasifiki hukutana na hewa baridi ya milimani, na hapo huanza upepo ambao wenyeji huuita xocomil. Boti ndogo hupigwa na mawimbi, abiria wakalowa na migongo ikauma. Kwa hiyo ondoka saa moja au saa mbili asubuhi, urudi kabla ya saa saba mchana ukiweza. Kaa nyuma karibu na injini, kwa sababu mbele ndiko boti inakodunda zaidi.

Panajachel ina magati mawili, na hapo wengi hukosea. Gati ya Tzanjuyú ni ya kwenda Santa Cruz, San Marcos na San Pedro. Boti za Santiago hutokea Playa Pública. Boti za kasi huondoka zikijaa na huchukua karibu nusu saa. Kivuko kikubwa huchukua kama saa nzima. Nauli ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji. Weka tayari quetzal (fedha ya Guatemala) 25 hadi 30 kwa kila upande, noti ndogo ndogo, na umlipe nahodha mwenyewe mkifika, si kijana anayekudaka gatini. Vaa viatu visivyoteleza. Ziwa halina mto unaolitoa maji, kina chake hupanda na kushuka miaka hadi miaka, hivyo sehemu nyingi za magati ni mbao zilizoungwaungwa tu.

Ukishuka Santiago, barabara ya kupanda kutoka gatini imejaa maduka ya zawadi. Ipite. Nenda kwanza sokoni, hasa Ijumaa au Jumapili, ambapo utawakuta Watz'utujil, Wamaya wenye mji huu, kwenye shughuli zao: nyanya, samaki wadogo, mahindi, parachichi. Wanaume wengi wazee bado wanavaa suruali fupi za mistari zilizodariziwa ndege. Baadhi ya wanawake wazee huzungusha kichwani utepe mwekundu wa mita kadhaa hadi ukawa duara pana. Ni vazi lilelile lililo kwenye sarafu ya senti 25 ya Guatemala, yenye sura ya mwanamke wa mji huu.

Ukitaka kununua nguo, igeuze ndani nje. Darizi ya mkono huonyesha upande wa nyuma vifundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua. Ya mashine ina uzi mmoja wa chini, mara nyingi mweupe, uliolala sawasawa kote. Kitambaa kilichofumwa kwa kitanda cha mfumi kinachofungwa kiunoni huwa chembamba, kwa sababu upana wake hauzidi mikono ya mfumaji inapofika. Ndiyo maana blauzi ya kweli huwa na vipande vilivyoungwa kwa mshono. Blauzi kama hiyo ni kazi ya wiki nyingi, hata miezi. Kumbishia mama bei mpaka robo ni dhuluma, acha kabisa.

Kanisa la Mtakatifu Yakobo lipe saa nzima. Kuta zake zimepangwa sanamu za watakatifu zilizovishwa nguo, na madhabahu ya mbao ina alama za Kimaya zilizochongwa na mafundi wa hapahapa. Padri Stanley Rother, Mmarekani wa Oklahoma, alihudumu hapa tangu 1968 na akauawa ndani ya nyumba ya mapadri tarehe 28 Julai 1981. Mwili ulirudishwa kwao, moyo wake waumini wakaubakiza hapa. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 2017. Ingia kimya, kofia mkononi.

Kisha chukua bajaji hadi Panabaj, kitongoji cha mji huu. Hapo tarehe 2 Desemba 1990 wanajeshi waliwafyatulia risasi wananchi wasio na silaha waliokwenda kulalamika kwenye kambi ya jeshi, wakaua 13. Wananchi walidai kambi iondolewe, na ikaondolewa. Leo pana bustani ya kumbukumbu. Wageni wengi hawafiki, na mimi naona ni kosa: usipofika Panabaj huelewi kwa nini watu wa hapa wanatembea wameinua kichwa.

Maximón, mtakatifu wa kienyeji wa Wamaya, ni sanamu ya mbao yenye kofia, mitandio na sigara mdomoni. Hukaa katika nyumba ya chama cha kidini na huhamishwa kila mwaka, kwa hiyo anwani ya mwaka jana haifai. Dereva wa bajaji anaijua. Patana naye bei ya mzunguko mzima kabla ya kupanda. Kiingilio ni quetzal chache, picha hulipiwa kando. Mganga akiwa anamwombea mtu, weka simu mfukoni hata kama umelipa. Mtu huyo ameleta ugonjwa wake au wa mwanawe pale.

Usijaribu safari hii kutoka Antigua, mji mwingine wa Guatemala, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Barabara peke yake ni saa mbili na nusu au tatu kila upande. Lala Panajachel. Anayetoka Afrika Mashariki abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Uliza saa ya boti ya mwisho unaposhuka tu, maana hubadilika. Ukikuta ziwa limechafuka sana, panda pikapu hadi San Lucas Tolimán, halafu utafute gari la Panajachel kupitia Godínez. Njia hiyo ni ndefu na ina kona nyingi, hivyo ianze mapema ili giza lisikukute barabarani.