Kidole gumba cha Mark Knopfler

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetutaka tumchague mtunzi mmoja wa nyimbo za roki na tueleze alijifunza kwa nani. Mimi namchagua Mark Knopfler, aliyeongoza bendi ya Dire Straits ya Uingereza. Wanaomfahamu watanikatiza mapema waseme jibu linajulikana: alimwiga J.J. Cale, mwimbaji na mpiga gitaa Mmarekani, basi. Sikubaliani nao. Cale yumo, nami nitamfikia, ila ukimsikiliza Knopfler kwa makini utakuta kinachouendesha muziki wake ni kidole gumba cha mkono wa kulia, na kidole hicho kina nasaba. Nasaba yenyewe inapita Nashville, mji wa muziki wa kantri huko Marekani, inafika kwa wachimba makaa ya mawe wa Kentucky, na inaishia kwa mpiga gitaa mweusi ambaye hakuwahi kurekodiwa hata wimbo mmoja.

Knopfler alizaliwa Glasgow, Uskoti, Agosti 1949. Baba yake alikuwa msanifu majengo Myahudi aliyekimbia kutoka Hungaria mwaka 1939. Mama yake alikuwa mwalimu, Mwingereza. Mark akiwa bado mtoto familia ilihamia Blyth, mji mdogo wa bandari karibu na Newcastle. Kitu cha kwanza kumteka hakikuwa gitaa. Ni mjomba wake Kingsley, aliyepuliza hamonika na kupiga piano ya bugi-wugi. Sasa fikiria piano ya bugi-wugi inavyofanya kazi: mkono wa kushoto unarudia besi bila kupumzika, na wa kulia unazunguka juu yake utakavyo. Mtoto aliyesikia hivyo kabla ya kushika nyuzi yoyote alikuwa ameshaandaliwa sikio. Baadaye, gitaa lilipokuja, kazi ya mkono wa kushoto wa mjomba ikaangukia kidole gumba.

Kabla ya hapo alikuwepo Hank Marvin, mpiga gitaa wa bendi ya The Shadows, ambaye naye ni mzaliwa wa Newcastle. Vijana wengi wa Uingereza wa miaka ile walitamani gitaa jekundu la Fender kama lake, na Knopfler alikuwa mmoja wao. Baba yake hakumudu bei hiyo. Alipata gitaa la Höfner la pauni 50. Alichokichukua kwa Marvin ni usafi: sauti isiyo na mikwaruzo, noti moja moja, na melodia ambayo unaweza kuiimba kwa mdomo baada ya kuisikia mara moja. Wapiga solo wengi wa roki wa kizazi chake walikimbilia kelele na kasi. Yeye hakuwahi kuuacha usafi huo, isipokuwa mara chache, na moja nitaitaja.

Lakini Marvin alipiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi, na huko mwanzoni Knopfler naye alitumia piki. Kilichombadilisha ni gitaa bovu. Alikuwa nyumbani kwa marafiki, na gitaa pekee lililokuwepo lilikuwa kuukuu, shingo imepinda, limefungwa nyuzi nyembamba mno. Kwa piki halikupigika. Akatumia vidole, na mwenyewe amesimulia kwamba hapo ndipo alipoipata sauti yake. Anatumia gumba, shahada na kidole cha kati. Vidole viwili vilivyobaki vinaegemea gitaa. Kuna jambo jingine ambalo nadhani halisemwi vya kutosha: Knopfler ni mtu wa mkono wa kushoto anayeshika gitaa kama mtu wa kulia. Kwa hiyo mkono wake wenye nguvu ndio unaobana nyuzi na kuzitetemesha, na ule wa kulia, kwa kuwa hauna piki, unagusa kila nyuzi kwa nyama ya kidole na kwa uzito tofauti. Noti moja inanong'ona, inayofuata inachapa. Ukisikia gitaa lake redioni unalitambua kabla hajafungua mdomo, na sababu ni hiyo.

Hapa ndipo anapoingia Chet Atkins, mpiga gitaa wa kantri wa Nashville, na ningependa kukaa hapa kidogo.

Atkins, mzaliwa wa Luttrell, Tennessee, akiwa kijana alimsikia mpiga gitaa Merle Travis redioni. Alisikia besi na melodia vikitoka kwenye gitaa moja kwa wakati mmoja. Hakuweza kuiona mikono, akakisia kwamba lazima Travis anatumia gumba na vidole kadhaa, akajifunza hivyo. Kumbe Travis alitumia gumba na shahada tu. Kukisia vibaya huko kukazaa mtindo mwingine, mpana zaidi, na huo ndio uliovuka bahari hadi kwa vijana wa Uingereza. Travis naye hakuubuni peke yake. Alikulia Muhlenberg, wilaya ya machimbo ya makaa huko Kentucky, akajifunza kwa wapigaji wa hapo hapo, Mose Rager na Ike Everly, wote wachimbaji. Rager alijifunza kwa Kennedy Jones, na watu wa eneo hilo wanaifuata besi hiyo ya kidole gumba hadi kwa Arnold Shultz, Mmarekani mweusi aliyepiga fidla na gitaa kwenye dansi za mashambani na kufariki mwaka 1931. Bill Monroe, anayeitwa baba wa bluegrass, muziki wa ala za nyuzi wa mashambani Marekani, alipiga naye akiwa kijana. Shultz hakuacha rekodi. Alichoacha kimo mikononi mwa watu, na mmoja wao ni Mwingereza aliyejaza viwanja vya mpira katika miaka ya 1980.

Tena angalieni nasaba hii inavyojifunga. Ike Everly ni baba wa Don na Phil, The Everly Brothers, na katikati ya miaka ya 1980 hao ndugu wawili walirekodi "Why Worry", wimbo wa Knopfler. Wana wa mchimba makaa walikuwa wakiimba utunzi wa mtu aliyefikiwa na ufundi wa baba yao kwa njia ndefu ya kuzunguka. Mwaka 1990 Knopfler na Atkins walitoa albamu ya pamoja, Neck and Neck, iliyowapatia tuzo za Grammy. Isikilizeni hiyo na mtawasikia watu wawili wanaopokezana sentensi bila kusukumana.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake mwenyewe ya kumjali Atkins. Jim Reeves, yule wa nyimbo za Krismasi, ambaye wazee wetu walimpenda kana kwamba alizaliwa Nakuru au Moshi, prodyuza wake kwenye kampuni ya rekodi ya RCA alikuwa Chet Atkins. Ile sauti ya chini, mdomo karibu kabisa na maikrofoni, ala zimepunguzwa ili maneno yasikike, ilipikwa na mtu yule yule ambaye Knopfler alimuenzi. Kwa hiyo wengi wetu tulilelewa na sikio la Atkins bila kulijua jina lake.

Na tuna chetu pia. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, alipiga kwa gumba na shahada. Magharibi mwa Kenya George Mukabi alikuwa na mtindo wake wa omutibo, besi inatembea chini, melodia inacheza juu. Hakuna uzi unaotoka Likasi hadi Newcastle, wala sidai upo. Nasema tu kwamba sikio lililozoea gitaa kavu linamwelewa Knopfler upesi, kwa sababu limeshazoea kusikia mtu mmoja akifanya kazi ya wapigaji wawili.

Sasa J.J. Cale. Cale alikulia Tulsa, Oklahoma, na albamu zake za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa tofauti kabisa na roki ya wakati huo. Sauti yake ilizamishwa katikati ya vyombo, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Mdundo ulikuwa mlegevu lakini haukosei. Katika baadhi ya nyimbo hakuwa hata na mpiga dramu, alitumia mashine ya kupiga mdundo. Kwa Knopfler hilo lilikuwa ruhusa. Lilimwambia kwamba mtu asiye na sauti kubwa anaweza kuimba roki, mradi asijilazimishe kupiga kelele. Pick Withers, mpiga dramu wa kwanza wa Dire Straits, naye alicheza kwa wepesi huo huo, na nadhani nusu ya kile watu wanachokiita "Cale" kwenye albamu ya kwanza ya 1978 ni mikono ya Withers.

Lakini pimeni urefu wa nyimbo. Za Cale ni fupi, nyingi zinaisha kabla ya dakika tatu. Anasema neno lake na kuondoka. Knopfler alitunga "Telegraph Road" ya mwaka 1982 yenye dakika 14, inayoanza na mtu mmoja anayepita nyikani na kuishia na mji mzima uliokosa kazi. Mwanafunzi halisi wa Cale asingethubutu. Kutamani hadithi ndefu kumetoka kwingine.

Kumetoka kwa Bob Dylan kwa sehemu, na hapa nitasema wazi: kwenye albamu ya kwanza deni hilo linaonekana mno. Kuna mistari ambayo Knopfler anaivuta puani kwa namna ambayo si yake. Dylan mwenyewe hakuudhika. Alimwalika yeye na Withers kupiga kwenye albamu yake ya 1979 iliyorekodiwa Muscle Shoals, Alabama, na mwaka 1983 akamrudisha, safari hiyo kama prodyuza mwenzake wa albamu ya Infidels. Kufikia wakati huo uigaji ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni ile tabia ya kuzungumza ndani ya wimbo na kuuacha mstari uchelewe kidogo nyuma ya mdundo.

Sehemu nyingine imetoka kwenye chumba cha habari. Kabla ya muziki kumlisha, Knopfler alisomea uandishi wa habari, akaajiriwa na Yorkshire Evening Post huko Leeds, na ni Leeds hiyo hiyo alipokutana na Steve Phillips, mpiga bluzi aliyemfungulia dunia ya bluzi za mashambani na magitaa ya chuma ya National. Gitaa la National la mwaka 1937 alilolinunua kwa Phillips ndilo lililo kwenye jalada la Brothers in Arms, albamu ya Dire Straits. Ila mimi naona jambo kubwa zaidi alilotoka nalo Leeds ni jicho la mwandishi wa habari. "Sultans of Swing" ilizaliwa alipoiona bendi ya jazi ikipiga kwenye baa ya Deptford, kusini mwa London, karibu hakuna mtu. Hakutunga wimbo kuhusu hisia zake mwenyewe. Aliripoti: nani anapiga nini, nani ana kazi ya mchana, vijana kwenye kona wanafanya nini. "Money for Nothing" ni zaidi ya hivyo: alimsikia mfanyakazi wa duka la vyombo vya umeme New York akiwasema wanamuziki wa kwenye televisheni, akaomba karatasi na kuandika maneno ya yule bwana hapo hapo dukani. Gitaa la wimbo huo ndilo lenye mikwaruzo niliyoiahidi. Alikuwa akiitafuta sauti ya Billy Gibbons, mpiga gitaa wa bendi ya ZZ Top. Mimi nauona kama mapumziko mafupi, si mtindo wake.

Rudini kwa "Sultans". Wimbo huo mwanzoni aliutunga kwenye gitaa la National, na kwa maelezo yake mwenyewe ulikuwa mkavu. Alipojipatia gitaa lake la kwanza la Fender Stratocaster mwaka 1977 ukabadilika kabisa. Ukiusikiliza leo, kila anapomaliza mstari gitaa linamwitikia, kisha linanyamaza aimbe tena. Huyo ni B.B. King, mpiga bluzi, ambaye hakuwa na mazoea ya kuimba na kupiga kwa pamoja. Alisema, kisha Lucille, gitaa lake, akamjibu. Mdundo ni wa Tulsa, maneno ni ya mwandishi wa gazeti, majibizano ni ya bluzi, usafi ni wa Marvin, na vyote vinawezekana kwa sababu vidole havina piki. Demo yake, yaani rekodi ya majaribio, ilipigwa na mtangazaji Charlie Gillett kwenye kipindi chake cha BBC Radio London mwaka 1977, na makampuni ya rekodi yakaanza kupiga simu.

Chanzo cha mwisho kilichelewa, nacho kilikuwa nyumbani kwake siku zote. Mwaka 1983 alitunga muziki wa filamu ya Local Hero, na melodia yake ya mwisho ina mwendo wa nyimbo za kale za Uskoti na za kaskazini mwa Uingereza. Klabu ya Newcastle United huitumia timu inapoingia uwanjani. Kuanzia albamu ya Get Lucky ya 2009 fidla ya John McCusker na filimbi za Michael McGoldrick zimekaa katikati ya bendi yake. Na kwenye Tracker ya 2015 kuna wimbo kuhusu Basil Bunting, mshairi wa Northumbria, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ambaye Knopfler alimkuta kwenye gazeti la Evening Chronicle la Newcastle alipokuwa tarishi wa miaka 15. Bunting alikuwa akihariri habari za watu wengine kwa sababu ushairi haukumlisha. Wanaosema albamu hizi za uzeeni zimepoa nawaomba waziweke kando ya ile ya 1978. Kule kijana anaimba kwa lafudhi aliyoiazima Marekani. Huku gumba ni lile lile la Kentucky, lakini linabeba melodia za pwani aliyokulia, na kwangu mimi hapo ndipo Knopfler anapopiga vizuri kuliko wakati wowote.