Taa ya Injini Ikiwaka na Kuzimika, Usikubali Kufutiwa Kosa

Msomaji wa Watamu ameniandikia kuhusu Probox yake. Akitoka Malindi, taa ya injini humuwakia akikaribia Gede, hukaa siku mbili tatu, kisha huzimika yenyewe. Fundi wa kwanza alisoma namba ya kosa kwenye kompyuta ya gari, P0135, akaifuta. Wa pili akamuuzia sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye bomba la ekzosi. Taa imerudi na namba ni ileile. Sasa anauliza abadilishe nini.

Usibadilishe kitu, ndugu yangu. Na asikufutie mtu tena.

Kompyuta ya gari inapoandika kosa, huhifadhi pamoja nalo hali ya injini wakati ule: mizunguko, joto, kasi, mzigo. Ukifuta namba, kumbukumbu hiyo inakwenda nayo, na kwa taa ya kuja na kwenda hiyo ndiyo nusu ya kazi. Fundi anayefuta kabla ya kuandika anakusafishia dashibodi tu, na pesa yako amekula.

Taa kuzimika si kupona. Makosa mengi huwasha taa baada ya kuonekana katika safari mbili mfululizo. Zikipita safari tatu safi, taa huzimika, lakini namba hubaki ndani, kwa kawaida mpaka injini ipate moto na kupoa mara 40 hivi. Kwa hiyo soma hata kama taa imezimika. Kifaa kidogo cha Bluetooth kinatosha. Huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, ufunguo ukiwa ON. Soma makosa yaliyothibitishwa, makosa yanayosubiri (yameonekana lakini hayajawasha taa), na ile kumbukumbu ya hali ya injini. Piga picha zote tatu. (Taa ikipepesa badala ya kuwaka tu, hapo ni mengine: injini inamisi, yaani silinda haichomi mafuta yake, kiasi cha kuunguza katalitiki, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Ondoa mguu kwenye mafuta, usimame.)

Tena P0135 haisemi sensa imekufa. Inasema saketi ya kupasha joto sensa ina kasoro, na saketi ni fyuzi, waya, soketi, halafu ndiyo sensa. Huku kwetu mimi huanza na soketi. Hewa ya bahari haibagui; pini hushika kutu ya kijani ndani ya plastiki inayoonekana mpya kabisa kwa nje. Toa waya wa hasi wa betri, chomoa soketi, pulizia dawa ya kusafisha viunganishi vya umeme, acha ikauke. Angalia pini za kike kama zimepanuka, maana zikilegea hushika gari likiwa baridi na kuachia likipata moto. Usizisugue kwa msasa, utaondoa utando unaozilinda. Mpira wa soketi upake grisi ya umeme kidogo.

Ethi, yaani kebo ya hasi ya betri inayoshika injini na bodi, ndiyo uisugue. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.2, fungua kebo kote kuwili, sugua mpaka chuma king'ae, kaza.

Kisha gari likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, fungua vipimo vya moja kwa moja kwenye simu na utikise waya polepole, fungu kwa fungu. Joto la maji likiruka ghafla kutoka 88 hadi -40, hakuna barafu Malindi: waya wa sensa hiyo umekatika au soketi imeachia. Asubuhi kabla ya kuwasha, joto la maji na la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana. Yakipishana sana, kuna sensa inayodanganya.

Ikiwa namba ni P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi, hamisha koili yake (inayoipa plagi umeme wa cheche) uipeleke ya tatu, injini ikiwa imezimwa. Kosa likihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, angalia plagi, halafu nozeli inayopulizia mafuta. Chungulia pia shimo la plagi kama lina maji. Kuosha injini kwa pampu ya presha ni uharibifu unaolipia mwenyewe.

P0171, yaani hewa imezidi mafuta kwenye injini, huwafanya wengi wanunue sensa ya hewa bure. Tazama marekebisho ya mafuta kwenye simu, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Yakiwa juu sana kwenye sailensa na kushuka ukifika mizunguko 2,500, hewa inaingia kwa mpira uliopasuka baada ya sensa. Yakizidi kupanda unapokanyaga, shuku pampu ya mafuta, chujio, au uchafu kwenye sensa ya hewa.

Wewe wa Watamu, ukifika Gede ekzosi imeshapata moto. Anza na soketi ya sensa ya mbele na waya unaopita karibu na bomba. Tazama kama umeyeyuka au umechunika. Kabla ya kugusa chochote, nitumie picha ya ile kumbukumbu.